Asiyejitaja Hutajwa: Hoja Kuhusu Majalada ya Muziki Wetu

Katika mijadala yetu kuhusu muziki kuna kauli inayorudiwa mara nyingi: jalada la albamu ni pambo tu. Wimbo, wanasema, ni wa masikio. Picha ni ya wauzaji. Mwimbaji mzuri atasikika hata kanda yake ikifungwa kwa gazeti. Kauli hii ina sura ya unyenyekevu, na kwa sababu hiyo wengi huikubali bila kuihoji. Mimi naipinga. Jalada ni sentensi ya kwanza ya albamu. Kabla mtu hajasikia noti hata moja, limeshamwambia mwimbaji ni nani, anatoka wapi, anaimba kwa lugha gani na muziki wake ni wa aina gani. Mwanamuziki anayemwachia mtu mwingine sentensi hiyo amemkabidhi jina lake. Na sisi wa Arua na Koboko tuna sababu kubwa kuliko wengi ya kulijali jambo hili, kwa kuwa tumetajwa na wengine kwa muda mrefu, na mara chache tumetajwa vizuri.

Nieleze kwanza ninachokiita jalada. Nalitumia neno hili kwa maana pana: bahasha ya santuri, karatasi iliyomo ndani ya kasha la kanda, uso wa sidii, na ile picha ya mraba inayotokea kwenye simu wimbo unapocheza. Vijana wengi huiita kava. Jina lolote utakalolichagua, kazi yake ni moja, nayo ni kumtambulisha mtu kwa wasiomjua.

Tuanze na Siti binti Saad, kwa sababu kwake ndiko sauti ya Kiswahili ilikoingia katika biashara ya santuri. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa kampuni yenye lebo ya His Master's Voice. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hajausoma au kusimuliwa. Lakini ni wangapi kati yetu tumeuliza santuri zile zilikuwa na sura gani? Alama ya lebo ile ilikuwa mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni, akisikiliza. Jina lake, kwa Kiswahili, ni "sauti ya bwana wake". Tafakarini hilo. Binti wa Fumba, aliyezaliwa na wazazi watumwa, Mwislamu wa Unguja, anaimba kwa ustadi ulioishangaza pwani nzima; na juu ya sauti yake kumebandikwa picha ya mbwa na maneno yanayodai kwamba sauti ni ya bwana. Simlaumu Siti. Hakupewa nafasi ya kuchagua. Ninachosema ni kwamba historia ya muziki wetu uliorekodiwa ilianza na jalada lisilotuhusu, na tangu hapo hatujaacha kuvaa nguo za kuazima.

Huko Marekani, kuelekea mwaka 1940, msanifu kijana wa kampuni ya Columbia aitwaye Alex Steinweiss alianza kuchora jalada la pekee kwa kila albamu, badala ya karatasi nzito isiyo na picha ambayo wenye maduka waliizoea. Kampuni iligundua kwamba picha inauza. Afrika Mashariki faida hiyo ilichelewa kutufikia. Santuri ndogo zilizouzwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970 nyingi zilikaa ndani ya bahasha za kampuni, bahasha ya namna moja kwa wanamuziki wote, yenye tundu katikati ili lebo isomeke. Kampuni ilikuwa na sura. Mpiga gitaa hakuwa nayo.

Majirani zetu wa Congo walilielewa tatizo hili mapema. Franco alianzisha Éditions Populaires, Verckys akawa na Vévé, Tabu Ley akawa na Isa. Wote watatu walikuwa wanamuziki, na wote walitambua kwamba mwenye lebo ndiye anayeamua jina lipi liandikwe kwa herufi kubwa na ni nani asimame mbele kwenye picha. Albamu ndefu za Congo zilipoanza kuenea, majalada yake yalisema waziwazi: huyu ni kiongozi wa bendi, hii ndiyo suti yake, hivi ndivyo anavyosimama. Papa Wemba aliufanya unadhifu wa mavazi kuwa sehemu ya muziki wenyewe, na kijana wa Kinshasa aliyeiona picha yake alijua hata kabla ya kusikia gitaa kwamba huo ni muziki wa watu wa sape. Unaweza kuyapenda mambo hayo au kuyachukia. Huwezi kusema kwamba hakujitaja.

Kule Nigeria, Fela Kuti alikwenda mbali zaidi. Alimpata mchoraji kijana, Lemi Ghariokwu, ambaye kuanzia albamu ya Alagbon Close ya mwaka 1974 alimtengenezea majalada 26. Alagbon ni mahali penye mahabusu ya polisi mjini Lagos. Zombie inawahusu askari wanaotii amri bila kufikiri, na askari wamo kwenye jalada. Yeyote aliyeishika santuri ile dukani alikuwa ameshaisoma hoja kabla ya kuisikia. Jalada na wimbo vilikuwa shahidi mmoja kwa mwingine. Nani atasema picha zile ni pambo?

Sasa turudi nyumbani, kwenye mfano unaotuuma. Mwaka 1975 kampuni ya Transatlantic ya Uingereza ilitoa santuri iitwayo The Collected Broadcasts of Idi Amin. Maneno yaliandikwa na Alan Coren kutokana na makala zake za kejeli katika jarida la Punch, na sauti ilikuwa ya mchekeshaji John Bird. Waingereza wawili walijipa kazi ya kumsemea mtu ambaye asili yake inahusishwa na Koboko, kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa makusudi, ili watu wa London wacheke. Sitetei utawala wa Amin hata kwa neno moja. Michael Ondoga, Mlugbara na waziri wake wa mambo ya nje, aliuawa mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya santuri ile kutoka. Na baada ya Amin kuanguka, watu wa West Nile walilipizwa kisasi kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda. Waliouawa katika misheni ya Ombaci mwezi wa Juni 1981 walikuwa raia waliokimbilia kanisani. Vifo hivyo havikuwa na nafasi kwenye jalada la kuchekesha. Jina la upande wetu lilifika kwenye maduka ya santuri ya Ulaya likiwa limebebwa na kikaragosi.

Linganisha na alichofanya Geoffrey Oryema. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri katika serikali ileile na aliuawa mwezi wa Februari 1977, pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Oboth Ofumbi. Geoffrey alitoroka nchi akiwa amefichwa ndani ya buti la gari. Mwaka 1990 alitoa albamu yenye nyimbo za Kiacholi na za Kiswahili, akaipa jina la neno moja: Exile, yaani uhamisho. Herufi tano juu ya jalada zilibeba maisha yake yote. Hapakuwa na mchekeshaji wa kumsemea, kwa kuwa alikuwa amejisemea. Kati ya santuri ya mwaka 1975 na albamu ya mwaka 1990 ndipo hoja yangu ilipo: asiyejitaja hutajwa.

Wapo watakaosema kwamba nazungumzia siasa, na mada ni usanifu. Basi tuzungumzie usanifu. Kila aina ya muziki katika eneo letu ina lugha yake ya majalada, na wasikilizaji huisoma bila kufundishwa. Jalada la dansi huonyesha bendi nzima, magitaa mkononi, na jina la bendi juu ya jina la mwimbaji, kwa sababu dansi ni kazi ya kundi. Jalada la taarabu humweka mwimbaji mbele katika gauni la kung'aa na dhahabu, ametulia, kwa sababu taarabu ni hadhi na maneno yaliyopimwa. Kwaya husimama kwa mistari wakiwa na sare, na rangi ya sare hukuambia ni usharika gani au parokia gani. Hapa kwetu mtu wa Ediofe na mtu wa Mvara hawahitaji kusoma maandishi ili kuijua kwaya yao. Kaswida huja na kuba la msikiti na herufi zenye mapindo. Wa hip hop husimama mbele ya ukuta wa mtaani kwake, uso umekaza. Hizi ni kanuni, kama kanuni za shairi. Mshairi anaweza kuvunja mizani, lakini sharti aijue kwanza. Anayevunja kanuni kwa makusudi huleta maana mpya. Anayeivunja kwa kutojua huleta fujo tu.

Na fujo ndiyo tuliyo nayo. Tazameni picha zinazosambazwa na wanamuziki wengi wa mji wetu. Mwimbaji wa Kilugbara amesimama kando ya gari ambalo si lake, nyuma yake maghorofa ambayo hayapo Arua wala Koboko, miwani myeusi usoni, noti za dola zinaruka hewani. Jina la wimbo ni la Kiingereza ingawa ndani yake hamna sentensi nzima ya Kiingereza. Mwimbaji wa Injili na mwimbaji wa mapenzi wana herufi zilezile za dhahabu na moshi uleule wa buluu, kwa kuwa mtengenezaji alichukua picha ya mtu wa Kampala au Lagos, akabadilisha kichwa na jina. Ukiondoa sauti, huwezi kujua ni muziki gani. Huwezi kujua kama ndani kuna adungu au kinanda cha kompyuta, kama mtu anasifu Mungu au anamlilia mpenzi. Jalada limekula kiapo cha kutosema lolote.

Hata jina lenyewe halisalimiki. Wanaosoma Kilugbara wanajua kwamba maandishi yake hutumia alama ndogo kabla ya b, d na y, na kwamba alama hiyo inatofautisha sauti moja na nyingine. Mtengenezaji wa jalada asiyejua lugha huiona alama ile kama uchafu wa kibodi, anaifuta. Neno linabaki na herufi zake, maana inaondoka. Katika masomo yetu ya isimu tungepoteza alama za mtihani kwa kosa la namna hiyo. Kwenye jalada linalosambazwa kwa maelfu ya simu tunalipita kimya.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili, nao siwaungi mkono. Hao husema: basi turudi kwenye asili. Weka nyumba ya nyasi, weka jua linazama, weka mzee mwenye manyoya kichwani na ngoma miguuni. Hilo nalo ni vazi la kuazima, limeazimwa kwa watalii. Kampuni za Ulaya zilizouza muziki wetu tangu miaka ya 1980 zilijua mteja wao anataka kuona nini, na hazikuwa na haja ya kumuuliza mwimbaji anajionaje. Hata pale zilipofanya kazi kwa heshima, kitu kilipotea njiani. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefanya makazi Dar es Salaam hadi sehemu ya Sinza ikaitwa kwa jina lake, alitoa albamu nchini Uingereza mwaka 1989 kwa jina la Songs for the Poor Man. Aliimba kwa Kiswahili kuhusu wanyonge. Neno mnyonge na maneno ya Kiingereza yaliyowekwa kwenye jalada si sawa. Maskini hana fedha. Mnyonge hana nguvu mbele ya mwenye nguvu, awe na fedha au asiwe nazo. Jalada lilimtafsiri Remmy kabla hajasikika, na tafsiri ikapunguza hoja yake.

Nasi watu wa West Nile tuna tatizo la nyongeza hapa. Tangu mwaka 2016, Bidi Bidi ilipoanza kupokea wakimbizi wa Sudan Kusini huko Yumbe, picha zetu zinazosafiri mbali zaidi ni za mahema, madumu ya maji na watoto wenye vumbi. Picha hizo zina kazi yake katika ripoti za misaada. Lakini zikihamia kwenye jalada la muziki, zinamfanya mwimbaji kuwa mfano wa shida badala ya kuwa fundi wa kazi yake. Mpiga adungu aliyechonga ubao mwenyewe, akawamba ngozi, akakaza nyuzi na kuzipatanisha kwa sikio, ni fundi. Jalada lake linapaswa kuonyesha mkono wa fundi.

Nimetaja adungu. Chombo hiki cha Waalur, kinachopigwa pia na jirani zao, kimeenea sasa hadi shule nyingi za Uganda, na kina familia yake kuanzia kile kidogo cha sauti nyembamba hadi kile kikubwa cha besi kinachowekwa chini. Umbo lake, ile shingo iliyopinda na nyuzi zinazoshuka, ni mchoro uliokwisha kuchorwa. Agwara, tarumbeta za upande wetu zinazopulizwa kwa kupokezana, zikipangwa kwa urefu zinaleta mstari ambao msanifu yeyote angeulipia. Sisemi kila jalada liwe na adungu. Kijana anayerap kwenye vibanda vya mjini hana wajibu wa kubeba kinubi asichokipiga. Nasema anayekipiga asikifiche kwa aibu nyuma ya gari la mtu.

Kama tunataka kuona nguvu ya kujitaja, hatuna haja ya kwenda mbali. Onduparaka ilikuwa jina la kwetu tu mpaka timu ya mpira ilipopanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016. Timu haikujibandika jina la kifahari la kigeni. Ilibaki Onduparaka FC, na watangazaji wa Kampala ikawabidi wajifunze kulitamka. Jina la mtaa likavuka Mto Nile likiwa limebebwa kifuani, na hakuna aliyesema kwamba jezi ni pambo na mpira ni wa miguu. Basi mbona mwimbaji aliyezaliwa na kulelewa hapahapa anaona haya kuandika jina hilo kwenye kazi yake? Diamond Platnumz, mwenye uwezo wa kujiita mtu wa popote duniani, aliiita albamu yake ya mwaka 2018 A Boy from Tandale. Tandale si mtaa wa matajiri. Aliuweka kwenye jalada, nao ukasomeka hadi mahali ambapo hapana mtu anayejua Dar es Salaam ilipo.

Hata hivyo Tandale imeandikwa hapo ndani ya maneno ya Kiingereza, na hili halipaswi kutupita. Kizazi cha kwanza cha Bongo Fleva kilitoa albamu zenye majina kama Nje ya Bongo ya Mr. II, mwaka 1999, na Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, mwaka 2001. Kizazi cha sasa kimetupa Afro East ya Harmonize, mwaka 2020, na Only One King ya Alikiba, mwaka 2021. Ndani ni Kiswahili. Mlangoni ni Kiingereza. Ikiwa Watanzania, ambao Kiswahili hakijawahi kuwaletea aibu, wanafanya hivyo, sisi wa Uganda tutafanya nini, ambao lugha hii imebeba doa la kuitwa lugha ya askari na ya wezi? Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi doa hilo halijatoka hata baada ya katiba kuikubali kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hapa Arua lakini, Kiswahili ni lugha ya soko, ya wanaovuka mpaka kwenda Ariwara na kurudi, ya Mkakwa kumsalimia Mualur na ya Mnubi kununua mihogo kwa Mlugbara. Mwanamuziki wetu anayeandika jina la albamu yake kwa Kiswahili anasema jambo ambalo hotuba kumi za Siku ya Kiswahili haziwezi kulisema: kwamba lugha hii ina wenyewe huku, na wenyewe hawana bunduki.

Nijibu sasa pingamizi tatu ambazo najua zitaletwa.

Ya kwanza ni kwamba jalada limekufa. Watu hawanunui tena santuri wala kanda. Wanapeleka simu kwenye kibanda, wanapakiwa nyimbo mia kwa bei ndogo, basi. Ni kweli, na ndiyo sababu jalada ni muhimu zaidi leo. Fungueni simu iliyopakiwa nyimbo namna hiyo. Mtaona nyimbo zenye namba badala ya majina, na msanii ameandikwa kuwa hajulikani. Pale ambapo uso ungekuwapo kuna alama ya noti ya kijivu. Wimbo unapendwa harusini, unachezwa kwenye baa na kwenye matatu, na aliyeutunga hana jina. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 na ina chama cha kukusanya malipo ya wanamuziki, Uganda Performing Right Society. Lakini malipo humfuata mtu mwenye jina. Faili ambalo picha na majina vimefungwa ndani yake husafiri navyo kutoka simu hadi simu, isipokuwa mtu ayafute kwa makusudi. Anayesema jalada limekufa anamwambia mtunzi afe nalo.

Ya pili ni gharama. Mwanamuziki wa kwetu, wanasema, hana fedha za msanifu. Lakini gari la kukodi kwa ajili ya picha linalipiwa, na miwani inalipiwa. Majukwaa ya mtandaoni yanataka picha moja ya mraba, kipimo kinachopendekezwa kikiwa pikseli 3000 kwa 3000, na mteja ataiona ikiwa ndogo kama kucha ya kidole. Ndani ya nafasi hiyo ndogo maghorofa hayaonekani, dola hazionekani. Kinachoonekana ni umbo moja lililo wazi na neno moja au mawili yanayosomeka. Uchache ni rahisi kuliko wingi. Mji wetu una mafundi wa kuandika mabango ya maduka na kuchora vinyozi, wenye mkono na rangi zao, ambao hakuna anayewafikiria. Mmoja wao anaweza kuchora jalada kwa bei isiyofika kodi ya gari lile.

Ya tatu ni nzito zaidi, na ndiyo inayosemwa na wasomi. Wanasema utambulisho haujakaa sehemu moja; kijana wa Arua ana haki ya kuwa wa Lagos akitaka, na kumdai aonyeshe asili ni kumfunga. Nakubaliana na nusu. Sidai asili, nadai ukweli. Kijana ambaye muziki wake kweli umezaliwa kwa Wanigeria aseme hivyo, na jalada lake lionyeshe vile alivyoubadilisha ulipofika mikononi mwake. Mtu wa Arua ni wa njia panda tangu zamani: ana Lingala ya upande wa magharibi, Kiarabu cha kaskazini, Kinubi cha jirani, Kiingereza cha shule. Jalada linaloonyesha mchanganyiko huo litakuwa la kwetu kuliko nyumba ya nyasi. Ninachokataa ni jalada lisilochanganya kitu, linalonakili tu. The Beatles waliweza kutoa Abbey Road mwaka 1969 bila kuandika jina lao wala la albamu upande wa mbele, kwa sababu dunia nzima ilizijua sura zao. Kukaa kimya ni anasa ya aliyekwisha kujulikana. Sisi bado.

Nimalize kwa kuwageukia wenzangu wa darasa na walimu wetu, kwa sababu lawama haziwezi kuishia kwa wanamuziki. Tunasoma fasihi simulizi. Tunachambua majina ya wahusika, methali na misimu, hata maandishi ya kanga. Tunakubali bila ubishi kwamba kanga ina ujumbe, kwamba jina lake na rangi yake vinasomwa pamoja. Jalada la albamu ni ndugu wa kanga: picha, rangi na maneno machache yanayomsemea aliyeyavaa. Lakini sijaona kozi inayoligusa. Tukiliacha nje ya darasa, tusishangae likiandikwa na watu wasiojua lugha.

Napendekeza jambo moja linalowezekana muhula huu. Kila mmoja wetu amchukue mwanamuziki mmoja wa Arua, Koboko, Yumbe au Nebbi, anayerekodi bila msaada. Amsaidie kuandika jina la albamu kwa lugha anayoimbia, kwa tahajia sahihi, alama zote zikiwemo. Aandike majina ya mtunzi, wapigaji, mtayarishaji na mahali pa kurekodia. Amuulize swali ambalo watengenezaji hawamuulizi: unataka asiyekujua akujueje? Jibu lake ndilo jalada. Walimu wetu wakikubali kazi hiyo ihesabiwe kama utafiti, mwisho wa mwaka tutakuwa na mkusanyiko wa majina ambayo leo yamo kwenye simu zetu kama namba tupu. Wakikataa, tuifanye hata hivyo, kwa sababu wimbo uliopakiwa asubuhi ya leo kibandani bila jina la mtunzi utakuwa umefika Ariwara kabla ya jua kuzama.